Elfu mbili kwa vipande viwili vya ndimu

Nimekuja likizo ya Desemba kama Mchaga yeyote aliyepata nauli, na hasira ya kwanza nimeipata Arusha kabla hata sijafika Moshi. Ni hoteli moja yenye bustani nzuri, imejaa watalii wanaosubiri kwenda mbugani. Nikaomba bia baridi, soda na ndimu, nichanganye mwenyewe. Bili ikaja: bia 8,000, soda 4,000, ndimu 2,000. Ndimu yenyewe vipande viwili, vyembamba kiasi kwamba ukikiinua kimoja unaona mwanga upande wa pili. Jumla 14,000. Hiyo ni karibu yuro tano, na kwa yuro tano kule Munich ninakoishi napata nusu lita ya mchanganyiko huohuo kwenye bustani ya bia, chini ya miti, na limao halina mstari wake kwenye bili. Nilipomuuliza mhudumu akanijibu kwa upole, "Dada, bei wanapanga wenyewe ofisini." Simlaumu yeye, namlaumu anayepanga. Mshahara wa yule binti naujua, na ninyi mnaujua.

Kinachoniuma ni kwamba kinywaji chenyewe ni cha watu wa kawaida kabisa. Wajerumani wa kusini wanakiita Radler: nusu bia, nusu soda ya limao. Wanasimulia kwamba mwaka 1922 mwenye baa mmoja nje ya Munich, Franz Xaver Kugler, alivamiwa na waendesha baiskeli siku ya jua kali, akaona bia itamwishia, akaiongezea soda ya limao iliyokuwa imejaa stoo. Wapo wanaosema watu walishakuwa wanachanganya kabla yake, na mimi niko upande wao, kwa sababu Waingereza walikuwa na shandy yao tangu zamani.

Aliyenionjesha ni mama mmoja ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Tulikuwa tumetoka zamu ya asubuhi, mwezi wa saba, joto kama la Dar, na siku hiyo tulikuwa tumefiwa na bibi tuliyemhudumia muda mrefu. Akaniagizia bila kuniuliza, akalipa. Kwa msioijua Ujerumani, kule mfanyakazi mwenzako kukulipia ni jambo kubwa, maana watu hugawana bili mpaka senti. Nilikunywa, nikapanda treni, nikafika nyumbani, nikapika. Bia ya asilimia 5 ukiigawa nusu kwa nusu unabaki na kama 2.5. Akili zako unaondoka nazo.

Sasa niko Moshi, na hapa kila kitu kipo, tena bora kuliko chao. Ndimu ninazonunua kule, moja moja, zinatoka Brazili au Meksiko, zimekaa melini mpaka ganda limekakamaa, ukikamua unapata matone. Hapa soko la Mbuyuni mama anakujazia mfuko, unarudi nyumbani unakata moja na chumba kizima kinanukia. Bia inatengenezwa Arusha na hapahapa Moshi, na soda pia inajazwa hapahapa. Tunachokosa ni kukiheshimu kinywaji hiki tu. Shemeji yangu aliponiona nachanganya akasema, "Shemeji, huko wamekuharibu, hiyo ni bia ya mgonjwa." Nikamwambia, ndimu tunakamulia nyama choma, supu na kachumbari, bia imekosa nini? Na mbege ya wazee wetu, ndizi na ulezi, siyo mchanganyiko? Hakunijibu. Akaendelea na bia yake ya Safari ya asilimia 5.5, pikipiki ikimngoja nje.

Anayetaka kujaribu atafute bia nyepesi, Kilimanjaro inafaa. Vyote viwe baridi tangu kwenye friji, kwa sababu ukitia barafu utakunywa maji. Soda itangulie, kisha bia taratibu huku umeinamisha glasi, la sivyo povu lote litaishia mezani. Sprite ni tamu mno kwangu, kwa hiyo naweka theluthi moja ya soda kwa mbili za bia, halafu nusu ndimu. Ukipata Bitter Lemon, chukua hiyo, uchungu wake unapatana sana na bia. Wameksiko hupaka chumvi kwenye mdomo wa glasi, na kwa kitimoto nakuhakikishia hutajuta.

Wadogo zangu mnaoniandikia mkitaka kuja Ujerumani, someni lugha kwanza, hayo mengine baadaye. Leseni ya udereva ya Tanzania itakutumikia miezi sita tu, halafu unafanya mtihani wao, na miaka miwili ya kwanza tangu upate leseni, hata ile ya nyumbani, ni ya majaribio. Katika miaka hiyo ukiendesha, kiwango cha pombe ni sifuri, hata Radler usiguse. Ipo isiyo na kilevi, agiza hiyo.

Na msipakie ndimu kwenye mabegi. Matunda mengi hayaingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, na ndimu zimo. Ndizi, nanasi na nazi zinaruhusiwa bila cheti hicho. Mimi mwezi wa kwanza narudi na ndizi.