Fuso, Bajaji na Kipindi Kisichokuwa na Mhadhara

Vyuo vilipofunguliwa 1 Juni 2020, baada ya kufungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, tulirudi Mbeya baridi ikiwa imeshika hasa. Semesta ilikuwa imebanwa. Mhadhiri wetu wa fizikia, ambaye sote tulimwita Dokta, akamwita CR, yaani mwakilishi wa darasa, akamkabidhi fleshi. Ndani yake kulikuwa na mihadhara yake: kajirekodi mwenyewe kwa simu akiandika ubaoni katika darasa tupu, kisha kaikata vipande vya dakika kumi kumi. Maagizo yalikuwa mafupi. Tutazame kabla ya Jumatano, maana kwenye kipindi hatahadhiri.

Maneno yakaanza hapo hapo. "Ada tunalipa ili aturushie video?" Wengine walisema mzee kachoka kazi. Mimi nililiona lalamiko la bando kuwa na uzito zaidi, kwa kuwa bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijaingia na wengi tulikuwa tunaishi kwa kubana. Ila Dokta alikuwa ameshaliwaza hilo, ndiyo maana akatoa fleshi badala ya linki. Hosteli nzima tulirushiana kwa Xender, programu ya kutumiana mafaili simu kwa simu, bila kuchoma hata MB moja. Wasiokuwa na simu janja walitazamia kwenye kompyuta za maabara. Mimi nilitazama usiku nimejifunika blanketi, na kila alipokimbia nilimrudisha nyuma, jambo ambalo huwezi kumwomba mhadhiri ukumbini mbele ya watu zaidi ya mia mbili.

Jumatano ikafika. Darasa alikuwa ameligawa katika mikondo, na mkondo wetu tulikuta viti vimepangwa vya watu watano watano. Ubaoni kulikuwa na swali moja tu: fuso lililojaa viazi limegongana uso kwa uso na bajaji; ni lipi limelipiga mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Hakuna kuongea wala kalkuleta, nyoosheni mikono. Mikono mingi ilikwenda kwa fuso. Dokta hakusema ndiyo wala siyo. Akasema, "Haya, kila mmoja amshawishi aliye karibu naye," akavuta kiti, akakaa.

Kikundini kwetu alikuwepo kijana wa Mbalizi, mtu aliyekulia karibu na mteremko wa Iwambi na kuona ajali za malori kwa macho yake. Akasema hilo si swali la kujiuliza: bajaji inakuwa chapati, fuso linaondoka na mkwaruzo. Binti mmoja wa Tukuyu akamfungulia daftari lake mwenyewe.

"Kaka, hii kanuni ya tatu ya Newton si mwandiko wako? Kinachosukuma nacho kinasukumwa, na nguvu zinakuwa sawa."

"Dada, hiyo ni ya kujibia mtihani. Mimi naongelea barabarani."

Yule binti hakumkasirikia. Alichukua karatasi akaandika: fuso na mzigo wake tani 10, bajaji na abiria wake kilo 500. Kisha akamwambia agawanye nguvu ile ile moja kwa uzito wa kila chombo. Kijana akagawanya, akanyamaza, akagawanya tena. Mwendo wa bajaji ulikuwa unabadilika mara 20 zaidi ya ule wa fuso, na waliomo ndani wanabadilika nao. Nguvu moja, lakini aliye mwepesi ndiye anayeumia. "Kumbe ndiyo maana," akasema, na nilimwona akiziwaza upya zile ajali za kwao.

Muda wote huo Dokta alikuwa anazunguka, anachutama pembeni ya kikundi, anasikiliza, anauliza swali moja na kuondoka. Tulipopiga kura tena, mikono ya fuso ilikuwa michache. Ndipo akaeleza, kwa dakika chache tu. Akatuambia pia habari za Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, Marekani. Mazur alijijua kuwa mhadhiri mzuri, mpaka alipowapa wanafunzi wake maswali mepesi ya namna hii na kukuta wengi wanaoweza kukokotoa hawajaelewa nguvu ni nini. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 akawa anawatuma wasome kabla ya kipindi, na kipindi chenyewe wanabishana.

Waliofurahia siku ile wengi waliisifu video. Mimi sikubaliani nao. Kanuni ya tatu ilikuwemo kwenye video, sote tulikuwa tumeitazama, na bado tulinyoosha mikono kwa fuso. Kazi ya video ilikuwa kutupisha ile saa, ili yule binti apate nafasi ya kumwuliza mwenzake, na mwenzake apate nafasi ya kukataa. Katika mhadhara wa kawaida kijana yule angenakili kanuni, akafaulu, akaondoka na fizikia mbili kichwani, ya chuo na ya Iwambi.

Tulitoka tukiwa bado tunabishana. Mezani kwa mama ntilie mmoja wetu akauliza: kama nguvu ni sawa, punda anawezaje kuvuta mkokoteni, nao si unamvuta kwa nguvu hiyo hiyo? Chai ilipoa tukilitafuta jibu. Kijana wa Mbalizi ndiye aliyelipata: nguvu hizo mbili haziko kwenye kitu kimoja. Kinachomsogeza punda mbele ni ardhi anayoisukuma nyuma kwa kwato zake.