Safu ya Kimya

Juzi binti yangu ameleta ripoti ya muhula, na chini kabisa, mahali pa maoni ya mwalimu wa Kiingereza, pameandikwa kwa wino mwekundu: "Mpole mno. Hachangii darasani." Alama zake ni nzuri. Nilipomuuliza kwa nini hasemi, naye akaniuliza: "Baba, kwani nikinyamaza ndiyo sijui?" Badala ya kusaini, nikajikuta nimerudi nyuma ya darasa lile mkoani Hiroshima, Japani, vuli ya mwaka 2012, saa ya kuhesabia sekunde ikiwa mkononi.

Habari za kufika kule na baridi yake nimekwisha kuzieleza mara nyingi, sizirudii. Utafiti wangu ulihusu mazungumzo katika vipindi vya Kiingereza vya sekondari ya chini. Tangu Aprili ya mwaka ule mtaala mpya ulikuwa umeongeza vipindi hivyo kutoka 3 hadi 4 kwa wiki, na ilitarajiwa kwamba wanafunzi, ambao kwa vizazi wamezoezwa kufasiri sentensi neno kwa neno kwa njia iitwayo yakudoku, wataanza sasa kuzungumza. Fomu yangu ilikuwa na safu tatu: mwalimu anasema, mwanafunzi anasema, kimya. Kila baada ya sekunde 10 niliweka alama ya vema panapohusika. Msimamizi wangu aliisifu kwa unadhifu wake, nami nikavimba kichwa.

Siku hiyo mwalimu alimwinua msichana mmoja aliyekaa dirishani, akamuuliza kwa Kiingereza alifanya nini Jumapili iliyopita. Msichana akasimama, akakisukuma kiti taratibu chini ya meza, akanyamaza. Nikaweka vema. Akainamia daftari, akamgeukia mwenzake, wakanong'onezana kwa Kijapani, akarudi kutazama mbele. Vema ya pili. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinatembea juu ya daftari, kinaruka mbele, kinarudi nyuma, kinaruka tena, kama cha mtu anayehesabu kete za bao kabla hajazitia mkono, na midomo inacheza bila sauti. Vema ya tatu, ya nne. Ndara za wageni nilizopewa mlangoni zilikuwa ndogo, visigino vyangu vimetokeza nyuma na kugusa sakafu ya baridi, nami sikuthubutu hata kusogeza mguu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna. Darasa zima lilingoja pamoja naye, hisani ambayo sikuiona katika Kidato changu cha Kwanza, tulipotoka kwenye Kiswahili cha shule ya msingi na kutumbukizwa katika Kiingereza, nami nikakaa bubu karibu mwaka mzima. Mwisho mwalimu akamshukuru, akamketisha, akamwita mwingine. Vema 5.

Saa ya usafi ilipofika, wanafunzi wakashika mifagio na vitambaa, nami nikawa napita kwenye korido. "Sensei," yaani mwalimu, nikasikia nyuma yangu. Ni yule msichana, kitambaa kibichi mkononi. Akaniambia kwa Kiingereza, polepole, sentensi nzima isiyo na kosa, kwamba alikwenda kwa bibi yake, wakamenya kaki, yale matunda ya rangi ya chungwa, wakayatundika yakauke. Kisha akakimbilia darasani na kuniletea daftari. Palikuwa na sentensi ya Kijapani, na juu ya kila neno namba ndogo kwa kalamu ya risasi: 1, 5, 2, 4, 3. Sisi tunaosema "tulimenya matunda" tunamkuta Mwingereza naye kayapanga maneno yake vivyo hivyo. Mjapani hutaja matunda kwanza, kitenzi akakiweka mwisho, kwa hiyo kabla hajafungua kinywa inambidi aipindue sentensi, na namba zile zilimwonyesha neno lipi litangulie kwa Kiingereza. Mbinu yenyewe ina jadi ndefu, kwani kwa zaidi ya miaka elfu moja wasomi wa Japani wamekuwa wakitia alama ndogo kwenye maandishi ya Kichina ili wayasome kwa mpangilio wa lugha yao. Kumbe kidole kile kilikuwa kinafuata namba.

Nilifikiria kuongeza safu ya nne, ila nilikwisha kujaza vipindi 11, na fomu haibadilishwi katikati ya utafiti. Vema zile 5 zikaingia kwenye jedwali, jedwali likaingia kwenye tasnifu, tasnifu ikapita. Sura ya mwisho inasema, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba ushiriki wa wanafunzi ulikuwa hafifu. Habari ya korido niliiweka kwenye tanbihi; msimamizi akaniagiza niiondoe, kwa kuwa haikutokea ndani ya kipindi. Nikaiondoa.

Ripoti ya binti bado iko mezani. Pana mistari miwili ya maoni ya mzazi. Nimeandika "Mwalimu," nikaweka mkato, na tangu juzi sijavuka hapo.