Siku moja na protini ambayo sitaki ivunjike (angalau mpaka mchana)

Saa 2 asubuhi. Kabla hata sijashusha begi naangalia presha ya mashine yetu ya kupima uzito wa molekuli (mass spectrometer), pampu zinakesha zinanguruma, namba zikiwa poa basi twende kazi.

Saa 3. Leo niko na alkoholi dehidrojenesi, protini ya hamira, vipande 4 vilivyoshikana, jumla kama kilodaltoni 148 (kipimo cha uzito wa molekuli). Hapa kuna kubadilisha bafa, yaani maji ya chumvi yanayoitunza protini, na sina haraka kabisa, maana bafa za kawaida zimejaa sodiamu, na sodiamu ikishang'ang'ania protini vilele kwenye grafu ya mashine vinatoka vipana hata uzito husomi vizuri. Kwa hiyo inatoka yote, inaingia amoniamu aseteti milimola 200 kwa lita, yenyewe ikiingia kwenye mashine inapeperuka na maji. Kolamu ndogo, sentrifuji, halafu narudia, ndo kazi ilivyo.

Saa 5. Sindano ya kioo iliyopakwa dhahabu, maikrolita 2 au 3 tu, volti kama 1,200, inaanza kurusha matone madogo mno. Na hapo kwenye skrini, kilele karibu na 6,150 (mashine inasoma uzito uliogawanywa kwa chaji)! Zidisha kwa chaji 24 unapata karibu daltoni 148,000, yaani vipande vyote 4 viko pamoja. Safi.

Saa 6. Ila uzito hausemi kitu kimekaaje, ndo maana tunapitisha ioni (protini zetu zikiwa zimebeba chaji) kwenye mobiliti, yaani zinavutwa na umeme ndani ya gesi ya nitrojeni, sasa mbili zenye uzito na chaji sawa, iliyojikunja inapita haraka, iliyofunguka inagongwa na gesi sana inachelewa, kama mtu aliyefungua mwavuli kwenye upepo. Tofauti ni milisekunde tu. Mashine yetu ni ya mawimbi (umeme unasukuma ioni kwa mawimbi), kwa hiyo lazima nipime kwanza protini ambazo ukubwa wake unajulikana, bila hivyo ule muda ni namba tupu.

Saa 8 mchana. Haya, sasa naichokoza makusudi. Napandisha volti za kugonganisha protini na gesi kidogokidogo, mwanzoni inakausha tu maji yaliyobaki (ukiwa mpole kupita kiasi hayatoki, ukizidisha umeshaharibu umbo, asubuhi yote nilikuwa nacheza hapo katikati), baadaye muda wa kupita unaruka ghafla, imeanza kufunguka, na mwisho kipande kimoja kinachomoka kimebeba karibu nusu ya chaji zote wakati uzito wake ni robo tu! Sababu kinafunguka chenyewe kabla ya kutoka, kinapata eneo kubwa la kubebea chaji. Hiyo sichoki kuiangalia.

Saa 10. Data, grafu, macho yanauma. Mtu akiniletea umbo kutoka kwenye hii mashine namuuliza kwanza volti zake, maana protini zenye uwazi katikati zinaweza kujikunyata zikiwa kwenye gesi ukadhani ndivyo zilivyo.

Saa 11 jioni. Naandaa sampuli ya kesho, protini ileile ila na NAD ndani (molekuli ndogo ambayo protini hii hutumia kufanya kazi yake), nione kama itadai volti zaidi ndo ifunguke.