Mbunge Wako Alipiga Kura Gani? Siku Moja Maishani Mwangu, Nakuru

Watu wakisikia kazi yangu hudhani ni siasa. Wengine hudhani ni umbea wenye mshahara. Kazi yenyewe ni kusoma: Hansadi (rekodi rasmi ya yanayosemwa bungeni), kumbukumbu fupi za vikao, ripoti za kamati, kisha kujaza jedwali lenye safu nyingi kuliko upana wa kioo cha kompyuta. Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofani, si mbali na Kenyatta Avenue. Tunafuatilia wabunge 12 wa Kaunti ya Nakuru, yaani 11 wa maeneo bunge kuanzia Naivasha hadi Kuresoi Kusini pamoja na Mwakilishi wa Kike, halafu Seneta. Siku ninayoieleza ni Jumatano kwa sababu ndiyo ndefu zaidi: Bunge la Kitaifa hukaa saa tatu na nusu asubuhi na tena saa nane na nusu mchana. Jumanne na Alhamisi hukaa mchana peke yake.

Saa 1:30 asubuhi. Matatu kutoka Free Area, chai ya kibandani, ngazi. Stima ipo, bando lipo.

Saa 2:00. Cha kwanza kufunguliwa ni ratiba ya shughuli za siku, ile Bunge huchapisha kabla ya kikao. Inaonyesha kila hoja, mwenye hoja, na mswada umefika hatua gani. Hatua ndiyo huwapotosha watu. Mswada ukisomwa mara ya kwanza hakuna mjadala. Unapelekwa kwa kamati, na wananchi wanaitwa kutoa maoni kama Kifungu cha 118 cha Katiba kinavyotaka. Mara ya pili wabunge hujadili wazo lake kwa jumla. Katika Kamati ya Bunge Zima, yaani ukumbi wote ukikaa kama kamati, hupitia ibara moja moja na marekebisho yake. Mara ya tatu ndipo hupitishwa au huangushwa. Mbunge mmoja anaweza kuunga mkono mara ya pili, akapinga ibara tatu kwenye kamati, kisha akapiga La mara ya tatu. Ukimwuliza kama aliunga mkono ule mswada, jibu sahihi ni “lini?”

Baada ya ratiba, kumbukumbu fupi za kikao cha jana. Hizi mara nyingi hutangulia Hansadi kamili, na kama kulikuwa na kura ya majina, orodha ya Ndio na ya La huwa humo. Hansadi yenyewe ikipatikana naipakua, naipa jina la tarehe na kikao (asubuhi au mchana, usisahau hilo, la sivyo Jumatano mbili zitafunikana), kisha natafuta jina la kila mbunge wetu.

Kutafuta kwa jina kuna mitego yake. Jina la kwenye mabango ya kampeni si lazima liwe lile la kwenye Hansadi. Wabunge wawili wanaweza kuwa na jina moja la mwisho. Nakuru Mjini Mashariki na Nakuru Mjini Magharibi hubadilishana kila siku kwenye orodha za watu wasio makini. Kuna pia lugha. Mbunge ana ruhusa ya kuchangia kwa Kiswahili, Kiingereza au Lugha ya Ishara ya Kenya, na akianza kwa moja anamalizia kwa hiyo hiyo. Anayetafuta mjadala wa kodi kwa neno la Kiingereza peke yake atamkosa mbunge aliyesema “kodi” mara ishirini, halafu atatangaza kwamba alinyamaza. Mimi hutafuta kwa lugha zote mbili.

Saa 3:30. Kikao cha asubuhi, vipokea sauti masikioni. Jumatano asubuhi kwa kawaida hutengewa miswada na hoja za mbunge mmoja mmoja. Akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiendelee, ni wabunge 50 kwa Bunge la Kitaifa, na 15 kwa Seneti. Wakipungua, kengele hulia dakika 10, nami napata nafasi ya kujaza kikombe.

Kisha inakuja kura, na hapa ndipo kazi nzima ilipo. Spika anauliza wanaokubali waseme Ndio, wanaopinga waseme La. Sauti zinapaa pande zote mbili, Spika anaamua ni upande gani umeshinda, mambo yanasonga. Kwenye Hansadi hiyo itakuwa sentensi moja: swali liliulizwa, likakubaliwa. Hakuna jina hata moja. Sehemu kubwa ya maamuzi ya Bunge hupita hivyo. Ili majina yaandikwe, lazima jambo lenyewe lihitaji idadi maalum ya kura kikatiba, au wabunge wasiopungua 30 wasimame kudai kura ihesabiwe. Ndiyo maana safu iliyojaa kuliko zote katika jedwali letu ni ile iliyoandikwa “Kura ya sauti, haijulikani”. Wafadhili hawaipendi, hata waandishi wa habari. Mimi naiheshimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayosema ukweli kuhusu Bunge letu.

Saa 5 na kitu. Mama mmoja wa Bondeni anauliza kuhusu basari ya mwanawe. Hiyo haimo katika Hansadi, ni ya ofisi ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lake. Namwandikia vyeti vya kubeba, anaenda.

Nyuma yake ameingia jamaa wa kampeni. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, lakini wao tayari wana fulana. Anatoa simu, ananionyesha picha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: nyuso za wabunge, alama nyekundu, maandishi makubwa ya “wasaliti”. Anataka ofisi ithibitishe kwamba mbunge fulani aliukwepa Mswada wa Fedha wa 2024 (ule wa kodi ulioleta maandamano ya vijana), tena kwa barua yenye muhuri, kabla ya saa nane. Jioni ana kipindi redioni.

“Bosi, muhuri hatuna. Nitakupa ukurasa wenye tarehe na mahali pa kuangalia.”

“Madam, hiyo kazi si ni ya dakika tano?”

Basi tukaanza. Mswada huo, nambari 30 ya mwaka huo katika Bunge la Kitaifa, ulipigiwa kura za majina siku mbili tofauti. Juni 20, 2024, uliposomwa mara ya pili, Ndio zilikuwa 204 na La 115. Juni 25, mara ya tatu, siku ambayo vijana waliingia majengo ya Bunge, Ndio 195, La 106, na 3 zikaharibika. Picha yake ilikuwa na tarehe ya kura moja na majina ya nyingine. Hilo ndilo kosa linalojirudia kuliko yote: mtu anachukua orodha ya tarehe 20, anaiweka chini ya kichwa cha tarehe 25, na wale waliobadili msimamo au kukosekana katikati wanapotea. Nikafungua orodha zote mbili, moja kushoto na moja kulia. Mbunge wake alikuwemo kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili hakuwemo upande wowote.

“Si ndiyo hiyo! Alikwepa. Asiyekuwepo na lake halipo.”

Hapo ndipo tuliposimama, na tulisimama sana. Bunge la Kitaifa lina viti 349 ukimwacha Spika, ambaye hana kura. Jumlisha 195, 106 na 3 upate 304. Waliobaki ni 45. Miongoni mwao kuna kiti cha Banissa, kilichokuwa wazi tangu mbunge wake afariki mwaka 2023, kwa hiyo hata ule upungufu si watu 45. Wanaobaki wanaweza kuwa wagonjwa, safarini kwa kazi ya Bunge, nje ya ukumbi kengele ilipolia, au kweli wamekwepa. Orodha ya kura haitaji sababu. Sisi huandika: “Jina halimo katika orodha ya Ndio wala ya La.” Yeye alitaka neno moja tu, “alikwepa”.

Akabadilisha wimbo. Basi tuandike kwamba mbunge amekosa vikao vinane, kiti chake kiko wazi. Kifungu cha 103 cha Katiba kinajulikana nusu nusu na watu wengi. Ni kweli kinataja vikao vinane, na kwa kuwa wiki ya kawaida ina vikao vinne, wiki mbili kamili zinatosha. Lakini ni vikao vinane ndani ya msimu mmoja wa Bunge, bila ruhusa ya Spika kwa maandishi, na tena mbunge ashindwe kutoa maelezo ya kuridhisha mbele ya kamati husika. Masharti yote matatu. Isitoshe, kutoonekana katika Hansadi si kutokuwepo. Hansadi huandika waliosema. Mbunge anaweza kukaa ukumbini mchana kutwa bila kuinua mkono, na kimya hakina ukurasa.

Stima ikapotea. Jamaa akaniambia tunaficha kwa sababu tumelipwa. Nilipwe na nani, na wapi, maana kodi ya chumba hiki tunalipa kwa shida. Laptopu ilikuwa na chaji, mashine ya kuchapa haikuwa na stima. Nikamtumia faili kwa simu, akaenda kuchapa kwenye saiba ya chini, akarudi akidai ukurasa wa tatu umekatwa pembeni. Ulikuwa umekatwa kweli. Jedwali pana huchapwa kwa kulaza karatasi. Nikalibadilisha, akashuka tena. Aliporudi mara ya tatu alitaka nimwongezee kura zote tangu 2022. Nikamfungulia safu ya “haijulikani” aisome mwenyewe. Alisoma mpaka akachoka, akasema Bunge hili halina kura. Zipo, lakini chache tu ndizo zina majina. Ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, Oktoba 8, 2024, ina majina: 281 Ndio, 44 La, mmoja hakuunga upande wowote. Pale Katiba ilidai theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233, hivyo kura ya sauti isingetosha.

Alipoondoka kikao cha mchana kilikuwa kimeanza kitambo. Ugali nilikula juu ya kibodi.

Mchana, sijui saa ngapi. Hatua ya kamati. Hapa hata mimi husoma mara mbili. Marekebisho ya kufuta maneno huulizwa hivi: kwamba maneno yanayopendekezwa kuondolewa yaondolewe. Anayesema Ndio anataka ibara ipungue au itoke. Ukijaza “Ndio” kwenye jedwali bila kuandika Ndio ya nini, umemgeuza mpinzani kuwa mtetezi. Kwa hiyo kila kura ya marekebisho hupewa mstari wake: nambari ya ibara, aliyependekeza, na kwa maneno mepesi, Ndio hapa inafanya nini.

Kuhesabu michango ni balaa jingine. Mashirika kama Mzalendo hutoa alama za wabunge kutokana na yaliyomo katika Hansadi, nayo ni kazi nzuri, ila msomaji ajue anachosoma. Mwenyekiti wa kamati huonekana mara nyingi kwa sababu ndiye huwasilisha ripoti. Mbunge anayekalia kiti cha Spika kwa muda jina lake hujaa ukurasa mzima kwa kuwaita wengine wazungumze, wala hajachangia chochote. Na wapo wa hoja za nidhamu (kusimama kudai kanuni za Bunge zimevunjwa), sentensi moja moja, kumi kwa jioni. Sisi hutenganisha: hotuba katika mjadala, swali kwa waziri (tangu 2023 mawaziri huja kujibu ukumbini), ombi la taarifa, hoja ya nidhamu. Seneta ana safu yake, kwa sababu katika miswada inayohusu kaunti Seneti hupiga kura kwa ujumbe wa kaunti, kura moja kwa kila kaunti, 47 kwa jumla. Maseneta wateule hawapati kura zao binafsi hapo, na kuwapa sifuri ni kuwaonea.

Stima ilirudi jua likishuka. Mzee mmoja wa Subukia akapiga simu kuuliza mbunge wao ametunga sheria ngapi. “Mzee wangu, kuna pendekezo, kuna mswada, kuna sheria.” Pendekezo hupelekwa kwa Spika, na likigusa pesa za umma hupitia kamati ya bajeti. Mswada huchapishwa na kupewa nambari na mwaka. Sheria imetiwa saini. Mbunge akijisifu kwa “miswada mitano”, mwombe nambari. Mzee akacheka sana, akataka nirudie polepole aandike.

Macho yalikuwa yanawasha. Nikajaza nilichoweza cha asubuhi kwa rangi ya njano, maana yake ni kutoka matangazo ya moja kwa moja na bado haijalinganishwa na maandishi. Hata Hansadi ya mtandaoni hubeba onyo chini ya kila ukurasa kwamba ni ya kupashana habari tu, nakala iliyoidhinishwa huombwa kwa mhariri wa Hansadi. Anayetaka kwenda mahakamani namwelekeza huko, simpi karatasi zangu.

Njiani kwenda steji jamaa wa kampeni alituma ujumbe: kipindi kimeanza, nimwandikie basi “inasemekana alikwepa”. Nikamjibu kwa mstari ule ule wa jedwali na tarehe yake. Kesho Alhamisi kikao ni saa nane na nusu, kwa hiyo asubuhi ni ya ripoti za kamati. Huwa naanzia nyuma, kwenye viambatisho, kwa sababu kumbukumbu za mikutano ya kamati huandika nani alihudhuria, nani aliomba udhuru na nani aliweka saini ripoti ilipopitishwa. Huko majina yapo.