Fundi Alipoiona Mikono Yake

Juzi mpwa wangu aliikuta video ya zamani katika simu yangu, akaniuliza mbona mama anayeshona hana uso. Nilimjibu kwamba anayejifunza kutia zipu huhitaji kuona mikono tu, naye akaridhika, lakini mimi nilibaki nikiifikiria siku ile hadi usiku.

Ilikuwa Aprili 2020. Nairobi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na kafyu ilianza saa moja jioni. Msichana aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi wetu wa Kawangware alikuwa amekwama kwao Murang'a, na fundi, ambaye hakutaka mikono ya mwanafunzi wake isahau, aliniomba nimrekodie masomo mafupi ya kutuma kwa WhatsApp. Video iliyozidi megabaiti 16 haikukubali kutumwa, kwa hiyo kila somo lilibeba jambo moja, na siku hiyo jambo lenyewe lilikuwa zipu ya sketi.

Nilipokuwa nikitafuta pa kuiweka simu, fundi alinionyesha nguzo ya kibanda iliyokuwa nyuma yake. "Mwanangu, ifunge hapo juu ya bega langu. Ukiniwekea mbele, mkono wangu wa kulia utakuwa upande wake wa kushoto, na yeye amezoea kusimama nyuma yangu." Tuliifunga kwa ukanda wa kitambaa.

Alieleza kila hatua kwa utaratibu: alifunga mshono kwa bandi, yaani mishono ya muda, mahali zipu itakapokaa, akaupanua kwa pasi, akailaza zipu kifudifudi, meno yakifuata mstari wa bandi, kisha akaanza kukanyaga cherehani. Upande wa kwanza ulipokwisha, alinyamaza. Upande wa pili ulipokwisha pia, aliichana bandi kwa wembe, na zipu ikafunguka bila kukwama.

Tuliketi kuitazama video kabla ya kuituma. Ilipofika pale mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, unapokaribia kichwa cha zipu, niliona jambo ambalo hakulitaja: cherehani ilisimama sindano ikiwa ndani ya kitambaa, mkono wa kulia ukauinua mguu, wa kushoto ukakivuta kichwa cha zipu hadi nyuma ya sindano, mguu ukashuka, kazi ikaendelea. Yote hayo yalipita kwa kasi ya kufumba na kufumbua. Nilimwuliza kwa nini hakulieleza.

"Lipi?"

Nilirudisha nyuma. Akaisogeza simu karibu na macho, akaomba nirudishe tena, na tena, huku vidole vyake vikifuata hewani vile vya kwenye kioo. "Kumbe hufanya hivyo," alisema polepole. Akaniambia kwamba wanafunzi wake wote walikuwa wakipindisha mshono mahali hapohapo, naye akiwaambia wawe waangalifu, akiamini kwamba ni haraka ya ujana. Sijawahi kumwona mtu akiitazama kazi yake mwenyewe kwa heshima namna ile. Tulirekodi upya, na safari hii alilitaja.

Msichana alituma picha ya zipu iliyonyooka juu na chini, na barabara zilipofunguliwa mwezi wa Julai alirudi kazini.

Tangu wakati huo nimewarekodi mafundi wengine, wa mabomba na wa nyaya za umeme, na kila mmoja wao mimi humwonyesha video yake kabla ya mwanafunzi yeyote kuiona. Naamini kwa dhati kwamba ujuzi mwingi wa mji huu umo katika miondoko ambayo wenyewe hawajui kuwa wanayo, na kwamba inafaa kuihifadhi. Hata hivyo, baadhi yao wakishajiona, mikono huwa mizito. Fundi wa Kawangware mwenyewe alikaa wiki kadhaa akisita kila alipofika kwenye kichwa cha zipu, na hadi leo sijaamua kama siku ile nilimwongezea kitu au nilimpunguzia.