Siku moja na barua za Stein

Saa 12:30 asubuhi. Bado giza, na mvua ile ya Oxford isiyonyesha wala kukatika. Chai ya rangi, mkate, baiskeli. Kuna profesa ananilipa kunakili barua za Aurel Stein, mzaliwa wa Budapest aliyeajiriwa na serikali ya Waingereza kule India, akachimba majangwa ya Asia ya Kati. Mama yuko Tanga, na kila nikimweleza kazi hii hucheka: "Yaani mwanangu unalipwa kusoma barua za watu? Huo si umbea?" Ni umbea, mama, ila wenyewe walishakufa.

Saa 3. Weston Library, maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, Broad Street. Koti, kalamu ya wino na chupa ya maji vinabaki kwenye kabati. Naingia na kompyuta na penseli mbili. Barua inalazwa juu ya mto wa sponji, ukingo wake unabanwa na kamba nzito iliyovikwa kitambaa. Glovu nyeupe ni mambo ya sinema. Ukizivaa vidole vinakuwa vizito na karatasi inachanika. Nawa mikono, ikaushe, basi.

Saa 4. Leo ni zile alizomwandikia Percy Stafford Allen, rafiki yake tangu walipokuwa wakifundisha Lahore. Anamwita "Publius". Bahati yetu ni kwamba Allen mwenyewe alitumia maisha yake kuhariri barua za Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi wa zama za kale. Mtu wa namna hiyo hatupi barua ya rafiki. Stein anaandika hemani usiku, mbeba barua anavuka mchanga hadi mji wa Kashgar, magharibi mwa China, kwa George Macartney, mwakilishi wa Uingereza pale, kisha safari ya kuja Uingereza inaanza. Mimi huudhika ujumbe wa WhatsApp ukikaa na alama moja ya tiki.

Saa 6. Nimefika mwaka 1907, Dunhuang, kaskazini-magharibi mwa China. Wang Yuanlu, mtawa wa Kitao, dini ya jadi ya Kichina, ndiye mlinzi wa pango lililojaa maandishi ya kale. Stein hakujua kusoma Kichina; aliyebembeleza na kupekua ni katibu wake, Jiang Xiaowan. Yakaondoka masanduku 24 ya maandishi na 5 ya michoro na vitambaa, na gharama ya mzigo wote uliopatikana pale ilikuwa pauni 130. Wachina wanauita wizi, na sioni kwa nini wauite jina jingine. Kinachonisumbua ni kwamba barua ni tamu. Anamjulia rafiki hali, anamtania, unaanza kumpenda, halafu unakumbuka masanduku. Mimi pia ni mtu wa pwani: miswada ya tenzi zetu imelala chuo cha SOAS, London, nami nilipanda basi kwenda kuiona.

Saa 7:30. Kiporo cha wali maharage, nje kwenye benchi, mvua au hakuna.

Saa 9. Neno moja limenila nusu saa. Nilikuwa nimeandika "Dust" mara tatu, nikajiuliza ni vumbi gani hili linalolala hemani pamoja na bwana wake. Nikarudi kulinganisha herufi za mwisho, moja moja. Kumbe "Dash", mbwa wake! Alifuga mbwa kadhaa na wote aliwapa jina hilohilo. Huyu alivuka naye jangwa, mwishowe akaja kuishi hapahapa Oxford kwa kina Allen. Nikafuta vumbi zote tatu, na aibu yangu.

Saa 11. Narudisha boksi kaunta, karatasi zikiwa kwa mpangilio uleule niliozikuta. Kurasa kumi na moja kwa siku nzima. Profesa atanuna.

Saa 2 usiku. Nampigia mama, namsimulia habari za Dash.

"Na mke wake je?"

"Hakuoa, mama. Alifia Kabul mwaka 1943, ana miaka 80, bado yuko safarini."

Kimya kidogo. "Ndiyo maana alipata nafasi ya kuandika barua zote hizo."