Askofu wa Mombasa ni wa wapi? Tazama mwaka kwanza

Parokia za hapa Pwani zikikaribia jubilei huunda kamati, na kamati huandika kijitabu cha historia ya kanisa. Kazi hiyo ni njema na ya lazima, maana wazee wanaokumbuka wanapungua. Lakini kuna makosa yanayonakiliwa kutoka kijitabu hadi kijitabu, na mengi yanatokana na jambo moja: kudhani kwamba Dayosisi ya Mombasa ya Kanisa la Kianglikana imekuwa na mipaka hii ya leo tangu zama za wamishonari.

Tuanze na orodha ya maaskofu. James Hannington hutajwa mara nyingi kuwa askofu wa kwanza wa Mombasa. Siye. Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Afrika ya Ikweta Mashariki, eneo lililoanzia pwani yetu likaenda mpaka Buganda. Alifika Mombasa Januari 1885, na Mei akawapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliookolewa utumwani na kusomeshwa India. Oktoba mwaka huohuo Hannington akauawa Busoga. Jones alikuwa naye katika safari ile, na ndiye aliyewaongoza wapagazi walionusurika kurudi Pwani. Waliingia Rabai Februari 1886 na bendera ya buluu iliyoshonewa kwa herufi nyeupe neno "Ikabodi", neno la Biblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka. Kijitabu kinachomtaja Hannington kisimwache Jones nje. Bila yeye habari za msafara ule zingetufikia vipi?

Henry Parker, aliyemfuata Hannington, alifariki mwaka 1888 upande wa kusini wa Ziwa Viktoria kabla ya kufika Buganda. Kisha akaja Alfred Tucker mwaka 1890. Eneo lilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, likagawanywa: Tucker akabaki na Uganda, na William George Peel akaanza kazi mwaka 1899 kama askofu wa kwanza wa Mombasa. Baada yake wakaja Richard Heywood (1918), Reginald Crabbe (1936), Leonard Beecher (1953), Peter Mwang'ombe (1964), Crispus Nzano (1980), Julius Kalu (1994), kisha Alphonce Mwaro Baya. Pamoja na Peel, hao ni wanane. Ukiona orodha yenye kumi na mmoja, mwandishi ameanzia kwa Hannington. Anaweza kuwa na sababu yake, ila aiseme wazi, la sivyo msomaji atakuta namba mbili tofauti kwa askofu mmoja.

Sasa mipaka, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu zaidi. Nyanza haikuwa chini ya Mombasa hapo mwanzo. Ilikuwa chini ya Uganda mpaka 1921, ndipo ikahamishiwa kwetu. Basi mtu aliyebatizwa Maseno mwaka 1910 alikuwa wa dayosisi ya Uganda, na mdogo wake aliyebatizwa palepale mwaka 1930 akawa wa dayosisi ya Mombasa. Upande wa kusini, Tanganyika ya Kati ilitoka Mombasa mwaka 1927 ikapata askofu wake. Kwa miaka mingi Askofu wa Mombasa alikuwa kwa kweli askofu wa Kenya nzima, na shughuli zake nyingi zilikuwa Nairobi. Ndiyo maana Festo Olang' na Obadiah Kariuki, walipowekwa wakfu mwaka 1955, waliitwa maaskofu wasaidizi wa Mombasa, ingawa mmoja alitoka magharibi mwa nchi na mwingine Ukikuyu. Mwaka 1961 zikazaliwa dayosisi za Maseno, Fort Hall (Murang'a ya leo) na Nakuru, na 1964 Nairobi ikajitenga. Hapo ndipo Mombasa ilipobaki kuwa dayosisi ya Pwani, na Mwang'ombe akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza.

Jambo jingine linalowakwamisha wanaopekua barua za zamani ni sahihi. Askofu wa Kianglikana hutia jina lake la ubatizo, au herufi zake za mwanzo, kisha jina la dayosisi badala ya jina la ukoo. Waraka wa mwaka 1919 kuhusu kulazimishwa Waafrika kufanya kazi una sahihi ya "R. S. Mombasa". Huyo ni Heywood. Usimwandike kama Bwana Mombasa, wala usifikiri ni karani wa hapa mjini. Ukikuta "W. G. Mombasa" ni Peel. Na ukikuta "J. J. Uganda" kando yake, huyo ni Willis, ambaye pamoja na Peel alishtakiwa na Frank Weston, askofu wa Zanzibar, baada ya mkutano wa wamishonari uliofanyika mahali paitwapo Kikuyu mwaka 1913, kwa kushiriki Meza ya Bwana na madhehebu mengine.

Kwa hiyo, unapofungua rejista ya ubatizo, nakili kwanza tarehe, mahali na jina la aliyebatiza. Dayosisi iandike baadaye, ukishalinganisha na mwaka. Kwenye kijitabu tumia maneno kama "wakati huo chini ya Dayosisi ya Mombasa". Parokia za Taita na Taveta zina haja kubwa ya maneno hayo, maana dayosisi yao ilianza mwaka 1993. Zile za Malindi vilevile, kwani zilijitenga mwaka 2015 chini ya Askofu Lawrence Dena. Kanisa la huko lililojengwa mwaka 1990 lilikuwa la Mombasa, na barua zake za miaka hiyo zilielekezwa kwa askofu wa Mombasa. Zikikosekana parokiani, ulizieni kwanza Mombasa kabla ya kwenda Malindi.